Mstari kwenye Chupa ya Achari

Skuta ya Shamte ilikaa chini ya ngazi miezi minane,
pale Kuze, nyumba ya pili toka kwa mshona kofia,
imefunikwa leso ya mama iliyopauka hata maneno hayasomeki.
"Usiiuze," aliniambia. "Nitarudi kabla ya Mfungo Sita."
Akaingia teksi ya uwanja wa ndege na begi moja
na viatu vyangu.

Simu zake kwanza zilikuwa kila Ijumaa,
kisha kila mwezi ukiandama,
kisha picha moja ya jengo la vioo, bila neno.

Nikaipiga kiki mpaka goti likalia.
Ikakohoa mara moja, ikanuka vanishi, ikanyamaza.

Nikaisukuma hadi Kisauni. Juu ya daraja la Nyali
malori yalinipigia honi kama mwizi.
Mbodze, fundi, kipini puani, kucha nyeusi,
hakuuliza kitu. Alifungua tangi,
akanusa kama mtu anusavyo maziwa ya jana.
"Hii yalewa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Imetiwa spiriti. Gari kubwa halijali,
lainywa leo, kesho lataka nyingine.
Lakini kaengine haka, kusimama miezi,
na hewa yetu hii inayolowesha kiberiti mfukoni!
Spiriti yavuta maji, ndugu yangu.
Yayavuta hewani, polepole, nyinyi mmelala."

Akafungua kabureta juu ya gunia.
Jeti, tundu lake kama la sindano, limeziba ukijani.
Paipu ya mpira imevimba, laini kama ufizi.
Na chini ya kibakuli, tone moja
angavu, limejitenga,
halitaki kuchanganyika na mtu.

"Nipa ile chupa ya achari."
Akachora mstari kwa msumari, akatia maji hadi mstarini,
juu yake petroli ya Shamte. Akafunga, akatikisa, akaiweka.
Tukangoja.
Adhana ya alasiri ilianza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili.
Maji yalipotulia yalikuwa yamepanda
kidole kizima juu ya mstari.

"Maji ni yale yale niliyotia," akasema.
"Kilichoongezeka kilikuwa kimejificha ndani ya petroli.
Kimeona maji, kimehama."

Nikaangalia pembeni, kwenye rundo la matairi.

Petroli ile aliitia mwenyewe, ya shilingi mia mbili,
siku moja kabla ya safari, mimi nyuma nimepakata feni mbovu,
yeye akiimba vibaya kwa makusudi.
Nilitaka kusema: usiimwage yote.
Mbodze alikuwa ameshaimwaga katika beseni.
"Ya kuoshea minyororo," akasema. "Kuchoma, haifai."

Sasa nanunua Mtopanga, kituo chenye pampu moja na paka wawili,
ghali kidogo, na natembea na chupa yangu.
Kijana wa pampu huniita Daktari.
Natia, natikisa, nainua juani:
mstari haupandi.
Ndipo namnywesha mnyama wangu.

Jioni ile ya kwanza iliwaka kwa kiki ya tatu.
Moshi mdogo wa buluu, kisha hakuna moshi.
Nikampelekea Shamte sauti yake, sekunde kumi na moja,
bila maneno. Tiki mbili.
Mpaka leo tiki mbili.

Lakini jambo moja Mbodze alinifunza, silikosi:
nikifika nyumbani sizimi kwa ufunguo.
Nafunga koki kwanza, naiacha ingurume pale chini ya ngazi
inywe kilichobaki kwenye kabureta,
ipunguke, itetemeke, ijifie yenyewe
ikiwa tupu.

Yeye aliondoka koki ikiwa wazi.